Askari Aliyerudi Kutoka Vitani: Wajibu Wetu Kwake na Kwa Jamaa Yake



Katika darasa la moral tulizoea kupewa mfano, ndio casus, kisha kuulizwa: muungamishaji afanye nini? Leo twaleta mfano mmoja wa namna ile. Mtu wa mfano wetu tumwite Tito, na mke wake tumwite Berta, kama walimu wa moral walivyozoea kufanya. Hao si watu wa parokia fulani. Lakini paroko wa Kivu ao wa Ituri akisoma, atasema: Tito huyu namjua.

Tito alikamatwa na kundi la wenye silaha alipokuwa na miaka 14. Alikaa porini miaka 7. Kisha akaweka bunduki chini, akapewa karatasi yake, akarudi kijijini. Alimwoa Berta mbele ya Eklezya. Wana watoto wawili. Kazi yake ni kufyatua matofali. Mchana ni mtu mpole, hana maneno mengi. Lakini usiku anapiga kelele na kuamka na jasho, na mara moja alimkaba mke wake shingo akiwa bado katika usingizi. Mlango ukigongwa kwa nguvu, anajitupa chini. Hapiti tena njia ya sokoni, wala haendi kwenye kilio cha jirani. Kila jioni anakunywa kanyanga, akiulizwa, anasema: «Nakunywa ili nilale.» Mtoto akilia sana, hasira inamshika, anampiga, halafu anakwenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba. Tangu mwaka mzima hajakaribia Komunyo.

Watu wa jamaa wanasema: damu ya wale aliowaua inamfuata. Mama mkwe anataka apelekwe kwenye chumba cha maombi, mahali wagonjwa wanapofungwa mnyororo na kunyimwa chakula mpaka pepo atoke. Basi Berta anakuja kwa paroko na kuuliza: «Padri, mume wangu ana pepo, ao ana wazimu, ao ni mtu mbaya tu? Unijibu leo, kwa maana usiku huu naogopa kurudi nyumbani.»

Swali hili ni zito. Padri akijibu vibaya, mtu anaweza kufa: Tito mwenyewe, ao mke, ao mtoto. Tutazame kwanza ugonjwa wenyewe, kisha yale ambayo akili na imani zatufundisha.

I. UGONJWA HUU NI NINI?

Ugonjwa huu si wa Waafrika tu, wala si wa leo tu. Katika vita ya kwanza ya dunia, askari wengi wa Ulaya walitoka katika mahandaki wakitetemeka, wengine bila sauti, wengine bila kuona, na mwilini hawana kidonda. Mwaka wa 1915 daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika habari zao katika gazeti la madaktari. Mwanzoni watu walifikiri kwamba mshindo wa mizinga ndio uliotikisa ubongo. Kumbe hata wale ambao bomu halikuanguka karibu nao waliugua vilevile. Wengine kati yao hawakuhesabiwa kuwa wagonjwa. Walihukumiwa kuwa waoga. Ilikuwa mwaka wa 1980 tu, baada ya vita ya Vietnam, ndipo madaktari wa Amerika walipouandika katika kitabu chao cha magonjwa kwa jina linalotumiwa hata sasa. Kwa Kifaransa waitwa «stress post-traumatique».

Tukumbuke basi wazee wa inchi yetu. Askari wa Force Publique walioingia Tabora mwezi wa Septemba 1916, na wale walioshinda Saio katika Abisinia mwezi wa Julai 1941, walirudi na medali. Wapagazi waliobeba mizigo yao wengi hawakurudi kabisa. Wakati ule ugonjwa huu ulikuwa haujapata jina lake. Aliyeugua aliitwa mlevi, ao mkali, ao mwenye mizimu. Sisi leo hatuna tena udhuru huo.

Alama zake madaktari wazigawanya katika mafungu manne. La kwanza: mambo ya vita yanamrudia mtu bila yeye kuyaita, katika ndoto ao mchana wazi, hata anayaona kama yanatendeka sasa hivi. La pili: anakimbia kila kitu kinachomkumbusha, mahali, watu, harufu, hata mazungumzo. La tatu: moyo wake unabadilika; anajiona hafai, hamwamini mtu, furaha imekufa, na hata mapendo kwa watoto wake hayasikii tena. La nne: mwili wake unakesha, anashtuka upesi, halali, hasira inawaka kwa neno dogo. Kama mambo hayo yanapita mwezi mmoja na kumharibia maisha, ni ugonjwa. Tumsome tena Tito, tutaona kwamba mafungu yote manne yako kwake.

Sababu yake ni hii. Mungu ameuumba mwili wetu na akili ya hofu: hatari ikija, moyo unapiga mbio, macho yanafunguka, mikono inakuwa tayari, kabla mtu hajafikiri. Hatari ikipita, mwili unatulia. Lakini yule aliyeishi muda mrefu katika hatari kubwa, mwili wake umesahau kutulia. Kumbukumbu za vita hazikai kwake kama habari za zamani zenye mwaka na mahali. Zinakaa vipande vipande, bila tarehe. Mlango unagongwa, na mwili unajibu kwamba adui amefika. Si kwamba anataka. Mwili umejibu kabla ya mapenzi.

Tena iko kidonda cha pili, tofauti na kile cha hofu. Jonathan Shay, daktari wa askari wa Amerika waliotoka Vietnam, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba wengi hawakuumia kwa sababu ya kuogopa kufa tu. Waliumia kwa sababu ya yale waliyotenda, ao waliyoyaona yakitendeka bila kuyazuia, ao kwa sababu wakubwa wao waliwasaliti. Twaweza kukiita kidonda cha dhamiri.

Na iko neno moja ambalo askari huona haya kulisema, nalo muungamishaji asishtuke akilisikia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujeremani, waliofanya kazi na wapiganaji wa zamani huko Goma, walitambua kwamba wengine walifikia kuonja utamu katika kupigana na kuua, na wakirudi nyumbani hamu ile inawafuata. Mtoto aliyefundishwa vita kabla ya kufundishwa kazi, vita ndiyo ilikuwa shule yake. Akisema neno lile mbele ya padri, na padri akageuza uso, hatalisema tena kwa mtu yeyote.

II. PEPO, UGONJWA, DHAMBI: TUSICHANGANYE

Berta ameuliza mambo matatu. Tuyapambanue moja moja.

Kwanza, pepo. Eklezya haikatai kwamba Shetani yuko. Lakini yenyewe yatuamuru tusikimbilie kumwona mahali pote. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, haimruhusu mtu yeyote kumfukuza pepo kwa ibada ya exorcismus asipokuwa padri aliyepewa ruhusa wazi na Askofu wake. Kitabu cha ibada hiyo, kilichotolewa mwaka wa 1999, chamwonya padri asidhani upesi kwamba mgonjwa wa akili ana pepo, na chamtaka aulize wenye elimu ya uganga. Katekisimu, namba 1673, yafundisha vilevile: magonjwa ya akili ni kazi ya madaktari. Basi kumfunga Tito mnyororo si imani. Ni kumrudisha utumwani yule aliyekwisha kufungwa na vita. Na kumnyima chakula na usingizi ni kuzidisha ugonjwa.

Pili, ugonjwa. Kama tulivyoeleza, Tito ni mgonjwa kweli. Haifai kumwambia «uwe mwanamume» ao «sali zaidi, itapita». Yeye aliye na malaria twamwombea, na twampeleka kupata dawa. Kwa nini Tito tumfanyie vingine?

Tatu, dhambi. Hapa muungamishaji aweza kukosea kwa upande wa kuume na kwa upande wa kushoto.

Kosa la kwanza ni kusema: «Ni ugonjwa tu, huna dhambi.» Tito ajua alichofanya. Tukimwambia hakuna neno, tunamwacha peke yake na uzito wake, na kumnyima rehema ambayo alikuja kuitafuta. Kosa la pili ni kusema: «Ni dhambi tu», bila kupima. Katekisimu, namba 1735, yatukumbusha kwamba ujinga, nguvu ya mwingine na woga zaweza kupunguza hatia, hata kuiondoa. Tito alikuwa mtoto wa miaka 14, amekamatwa. Hata sheria ya dunia yamwona mtoto kama huyo kuwa mtu aliyedhulumiwa: mwaka wa 2012 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga miaka 14 ya kifungo, kwa sababu aliingiza vitani watoto wasiofika miaka 15, huko Ituri, katika miaka ya 2002 na 2003. Lakini Tito alipokuwa na miaka 20 pengine yeye mwenyewe alitoa amri. Muungamishaji hatapima yote kwa kipimo kimoja.

Sasa tufike kwenye neno ambalo, kwa maoni yetu, lawatesa wengi kuliko yote. Askari anaungama, anapewa absolutio, anakwenda na furaha. Usiku ule ule ndoto inarudi. Asubuhi anasema moyoni: «Kumbe Mungu hajanisamehe.» Anaungama tena dhambi zilezile, mara tatu, mara kumi, halafu anaacha Sakramenti kabisa. Tumwambie wazi, hata kabla hajauliza: Sakramenti ya Kitubio yafuta hatia, haifuti kumbukumbu. Ndoto haina ukubali wa mapenzi, basi si dhambi, wala si alama kwamba Mungu amekataa. Mtu aliyekatwa mguu katika wizi, akitubu, amesamehewa, lakini mguu hauoti. Atahitaji fimbo, na kuna watu wanaojua kuchonga fimbo.

III. EKLEZYA NA WAZEE WALIJUA NENO HILI

Tusome kitabu cha Hesabu, sura ya 31. Askari waliotoka vitani waliamriwa kukaa nje ya kambi siku saba, na kujitakasa siku ya tatu na siku ya saba, wao na mavazi yao na vyombo vyao. Katika karne ya nne, Mtakatifu Basili, Askofu wa Kaisaria, aliandika kwamba walioua katika vita hawahesabiwi kuwa wauaji kama wengine. Lakini alishauri wakae miaka mitatu bila Komunyo, kwa kuwa mikono yao si safi. Jirani zetu Waacholi wa Uganda, mtu wao akirudi kutoka mbali, kama vijana waliotoroka jeshi la LRA, humkanyagisha yai bichi kwenye kiingilio kabla hajaingia nyumbani.

Hatusemi turudishe kanuni ya Mtakatifu Basili, wala tufuate kila desturi. Twasema tu kwamba watu hao wote walielewa neno moja: mtu hatoki vitani na kuingia nyumbani siku ile ile kama aliyetoka sokoni. Kati ya vita na nyumba panatakiwa njia, na watu wa kumsindikiza. Siku hizi askari anashushwa katika kamyo na mfuko wake mgongoni, na jioni ile anatakiwa kuwa baba.

Tumkumbuke pia Mtakatifu Yohana wa Mungu, aliyefariki Granada mwaka wa 1550. Alikuwa askari. Siku moja, baada ya kusikia mahubiri, alipotewa na akili njiani. Akafungiwa katika nyumba ya wenye wazimu, akapigwa mijeledi, maana hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya wakati ule. Alipopona alifungua hospitali yake, ambamo wagonjwa walitunzwa kwa heshima.

IV. PADRI AFANYE NINI?

1. Aanze na Berta. Kabla ya kufikiri juu ya nafsi ya Tito, aulize: usiku huu wewe na watoto mtalala wapi? Kama kuna hatari, walale kwa ndugu. Panga, kisu na silaha yoyote vitoke katika chumba cha kulala. Tito akipiga kelele usingizini, Berta asimguse. Asimame mbali, amwite kwa jina lake, amwambie yuko nyumbani. Na padri asimwambie: «Vumilia, huo ndio msalaba wako.» Kanuni ya 1153 yenyewe yamruhusu aliyeoana kukaa mbali kama mwenzake analeta hatari kubwa kwa roho ao mwili wake ao wa watoto. Kukaa mbali kwa muda si kuvunja ndoa. Mara nyingi ndiko kuiokoa.

2. Amsikilize Tito. Amwite mahali pa utulivu, mlango usifungwe kwa ufunguo, Tito aketi mahali anapoweza kuuona mlango. Asimlazimishe kusema, asiulize hesabu ya waliokufa. Zaidi ya yote, asimsimamishe mbele ya watu kanisani ili atoe ushuhuda. Tumeona jambo hilo likipigiwa makofi. Lakini kidonda kinafunguliwa pasipo mtu wa kukifunga, na waliofiwa wamekaa katika mabenchi yale yale.

Amwulize pia, bila kuzunguka: je, unafikiri kujiua? Wengi wanaogopa kwamba swali hilo litamtia mawazo. Si kweli, humfungulia mlango wa kusema. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake siku hiyo, na apelekwe kwa daktari.

3. Ampeleke kwa wenye elimu. Mafrere wa Charité walianzishwa Gand mwaka wa 1807 na padri Petrus Triest, na kati ya kazi zao za kwanza ilikuwa kuwatoa wagonjwa wa akili katika minyororo. Kwetu Congo ndio waliokabidhiwa Sosame ya Bukavu, iliyoanza mwaka wa 1994, na Tulizo Letu ya Goma. Lubumbashi kuna kituo chenye jina la daktari Joseph Guislain.

Mojawapo ya njia za uponyaji ni kusimulia maisha yote kwa utaratibu. Kamba inatandazwa chini: ndiyo maisha, toka kuzaliwa. Ua ni siku njema, jiwe ni siku ya uchungu. Na kwa wapiganaji wa zamani kijiti ni siku yeye alipomwumiza mwingine. Kisha, siku kwa siku, anasimulia kila jiwe na kila kijiti pamoja na msaidizi aliyefundishwa, mpaka kumbukumbu zipate tarehe na mahali, zikae nyuma, si mbele. Njia hiyo ilijaribiwa huko Goma kwa wapiganaji wa zamani, na wasaidizi waliofundishwa walikuwa watu wa hapo.

Kuhusu dawa, daktari ndiye mwenye neno. Lakini tuwaonye watu juu ya vidonge vya diazepam vinavyouzwa sokoni kama dawa ya usingizi: haviponyi ugonjwa huu, na mtu anakuwa mtumwa wavyo. Kanyanga ni vilevile.

4. Sakramenti kwa wakati wake. Padri asimharakishe. Tito akiwa tayari, aungame yote bila kulazimika kueleza kila picha. Kitubio chake kiwe kazi ya kutengeneza: kufyatua matofali ya nyumba ya mjane kwaweza kumponya kuliko sala mia zinazosomwa haraka. Na siri ya maungamo ibaki siri, hata mbele ya Berta, hata mbele ya daktari.

5. Jamaa na shirika. Katekista na wazee wa shirika wafundishwe wasimwite «muuaji» ao «mtu wa pori», wala wasimcheke anapojitupa chini. Watoto wake waelezwe kwa maneno madogo: baba ni mgonjwa, si kosa lenu. Tena tuwatafute wasichana waliorudi kutoka makundi. Wao pia walibeba mizigo na silaha, walichukuliwa kuwa wake kwa nguvu, wakarudi na watoto. Wengi walijificha kwa haya, hata hawakupita katika programu za serikali, tangu ile iliyoanza mwaka wa 2004. Mama wa namna hiyo hana karatasi ya askari, lakini ndoto zake ni zile zile.

V. MASWALI MAWILI

Mtu atasema: parokia yangu iko mbali, hakuna daktari wala pesa. Twajibu: kumwondolea mtu mnyororo hakuhitaji pesa. Kusikiliza, kulinda mke na watoto, kumpa kazi, kumweleza kwamba ndoto si laana: hayo yote parokia yaweza kuyafanya kesho. Na mwuguzi wa kituo cha afya aweza kufundishwa kutambua alama zile nne.

Mwingine atasema neno kali zaidi: wale waliochomewa nyumba, nani anawatunza? Kwa nini tumhangaikie aliyechoma? Hatutaki kulipita swali hili haraka. Waliodhulumiwa wana haki ya kwanza, na kumtunza Tito hakuwezi kuwa badala ya kuwatunza wao, wala badala ya sheria. Padri hana ruhusa ya kusamehe kwa niaba yao. Lakini askari asiyetunzwa hurudi porini, kwa kuwa huko ndiko mwili wake unakoelewa. Na akirudi porini, nyumba nyingine zitachomwa. Anayetaka vita iishe, atunze pia mikono iliyoishika.

Tumrudie Berta, aliyekaa bado mbele ya paroko. Sasa jibu lipo. «Mama, mume wako hana pepo. Ni mgonjwa, na ugonjwa wake una jina. Iko dhambi pia, kama kwetu sote. Hiyo ataileta mwenyewe kwa Mungu siku atakapokuwa tayari. Usiku huu wewe na watoto mtalala kwa dada yako. Kesho nitakuja kumtazama Tito, sitakuja kumhukumu. Na juma lijalo tutakwenda naye pamoja kwa daktari.»

Wandugu mafratri, jifunzeni jibu hilo kabla hamjapewa parokia. Berta atakuja mwaka wenu wa kwanza.